Vumba na Uvumba

Kwa miezi kumi na mmoja niliuza samaki bila kusikia harufu ya samaki. Nilikaa kwenye kibanda changu sokoni Kibuye, mbuta mbele yangu, ngege kando, beseni la omena miguuni, inzi wakizunguka, wapita njia wakiziba pua, nami nimetulia kama mtu aliyefungiwa ndani ya chupa. Ningeweza kuieleza habari hii kama habari ya biashara, maana pesa nilipoteza. Lakini pesa nilikuja kuzirudisha. Kilichonitesa zaidi ni kwamba harufu ilipoondoka nilidhani Mungu naye ameondoka, na katika kumtafuta nilifanya makosa ambayo hadi leo nawaona wengine wakiyafanya. Ndiyo maana naandika.

Nilizaliwa Mumias, baba yangu akiwa katekista. Siku za ibada ya Sakramenti Kuu, yeye ndiye aliyewasha mkaa wa chetezo nyuma ya sakristia, na kazi yangu, nikiwa na miaka saba au minane, ilikuwa kuupepea kwa kifuniko cha sufuria mpaka ushike. Upepo ukitoka upande wa kiwanda cha sukari, harufu ya molasi ilitufikia palepale tulipochuchumaa, nzito, tamu, ikichanganyika na vumbi. Kisha padre anatia ubani, punje tatu nne za rangi ya asali, na ile harufu inapanda juu ya nyingine zote. Hakuna aliyenifundisha kwamba Mungu ana harufu. Nilijua tu. Baba alirudi nyumbani na ubani kwenye koti lake, na siku tatu baadaye, ukimkumbatia jioni, bado umo. Niliposikia mara ya kwanza habari ya Isaka, mzee asiyeona, akinusa mavazi ya mwanawe na kusema kwamba harufu yake ni kama ya shamba alilolibariki Bwana, sikuhitaji kuelezwa. Lile shamba lilikuwa koti la baba.

Nikaolewa Kisumu mwaka 2001, nikaingia kwenye samaki kupitia mama mkwe. Alinipeleka Dunga, ufukoni mwa Ziwa Victoria, alfajiri, mitumbwi ikiingia, akanifundisha kununua kwa pua. "Macho yatadanganywa na barafu, nyar Mumias," aliniambia, yaani binti wa Mumias kwa Dholuo, "lakini pua haidanganyiki." Shika samaki, fungua shavu, nusa. Samaki wa usiku huohuo ananukia maji na majani mabichi. Wa jana ana shombo. Wa juzi unamjua kabla hujainama. Kwa miaka ishirini pua hiyo ililisha watu saba na kulipa karo.

Ila kulikuwa na jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Nilikuwa naionea haya ile shombo mbele za Mungu. Kabla ya Misa ya Jumapili nilisugua mikono kwa majivu, kisha limau, kisha sabuni ya kipande, kisha limau tena, mpaka ngozi ya vidole inapasuka. Nguo za kanisani zilikaa kwenye sanduku lake peke yake. Na bado nilichagua benchi la mwisho karibu na mlango, ili upepo uipeleke nje. Kanisani niliingia kama mtu anayekwenda ukweni. Mungu kwangu alikuwa wa ubani, na samaki walikuwa mambo ya kutafuta riziki, viwili visivyokutana.

Juni 2021 Kisumu ilikuwa imeshikwa na hofu. Korona ya aina ya Delta ilikuwa imeshaingia, na tarehe 17 serikali ikaziwekea kaunti 13 za upande wetu wa nchi kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri. Kwa muuza samaki hiyo ni kusema kufikia saa kumi na moja jioni uwe umeshauza au umeshapata hasara. Wiki hiyohiyo nikapata homa, mgongo ukauma, kikohozi kidogo. Sikwenda kupimwa. Niliogopa kutengwa, niliogopa wateja wangesikia, nikanywa tangawizi nikanyamaza. Hilo lilikuwa kosa, na si kwa ajili yangu tu: mama mkwe alikuwa anaishi nasi, ana miaka sabini na nne. Mungu alimhurumia. Lakini nikikumbuka jinsi nilivyokuwa nampelekea chai kitandani bila barakoa, hata sasa moyo unanienda mbio.

Siku ya tano nilikuwa nakaanga vitunguu, binti yangu akaingia jikoni mbio: "Mama, kwani husikii? Vinaungua!" Nikatazama, vimekuwa vyeusi. Sikusikia chochote. Nikachukua kitunguu saumu nikakiponda, nikakiweka puani. Nikafungua chupa ya mafuta ya taa. Kimya. Sina neno lingine, ilikuwa kimya, kama redio iliyokatiwa umeme katikati ya taarifa ya habari.

Nilingoja irudi baada ya wiki mbili, kama watu walivyosema. Wengi ilirudi, kwangu haikurudi. Wiki ya tatu nikaenda Dunga peke yangu, kwa kiburi cha mzoefu, nikanunua mbuta wanane wakubwa. Walikuwa na macho ya kung'aa, barafu juu. Saa sita mchana mteja wangu wa hoteli, mtu niliyemuuzia miaka tisa, akarudi na wawili kati ya hao ndani ya gunia, akalitupa juu ya meza bila salamu. Nilimrudishia shilingi 6,400, wengine nikawamwaga. Yeye hakurudi tena, naye alikuwa ananunua kila siku isipokuwa Ijumaa Kuu. Baada ya hapo binti yangu akawa pua yangu. Alikuwa kidato cha tatu. Aliamka saa tisa na nusu usiku kunusa samaki kisha aende shule, na sikuwa na njia nyingine.

Ukijikuta kwenye hali hii, haya yafanye siku ya kwanza, usingoje kama mimi. Mtungi wa gesi utoe nje ya chumba unacholala. Gesi ya kupikia yenyewe haina harufu, hutiwa dawa ya kunuka makusudi ili watu wajue inavuja, na wewe sasa hujui. Sisi tuliokolewa na jirani aliyegonga mlango saa nne usiku akiuliza ni nani ameacha gesi wazi. Ilikuwa mimi. Kila wiki paka povu la sabuni kwenye rekuleta na mpira wake, ukiona mapovu yanavimba, inavuja. Maziwa na nyama andika siku uliyonunua, usitegemee kubahatisha. Samaki bonyeza kwa kidole: nyama ikirudi juu ni mzima, ikibaki shimo mwache. Tazama shavu, lazima liwe jekundu kama damu mpya, si la udongo. Na wakiwa wawili watatu nyumbani, mteue mmoja awe anakunusia, umwombe bila haya. Haya ndiyo iliyonigharimu ile 6,400.

Sasa niseme la kanisani. Tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, ilikuwa Jumapili. Tulikaa kwa nafasi, barakoa usoni. Mtumikiaji akaja na chetezo, moshi ukapanda, nami nikashusha barakoa nivute. Ulikuwa moshi tu. Ulinichoma macho kama moshi wa kuni. Nikavuta tena kwa nguvu, nikakohoa, watu wakageuka kwa hofu ya korona. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Hapo ndipo nilipotambua kwamba maisha yangu yote nilikuwa nasali kwa pua. Maneno ya sala nilikuwa nayo, rozari nilikuwa nayo, lakini ile hali ya kujua kwamba Yupo, ile iliyokuwa inanishika kabla sijafungua kinywa, ilikuwa imekuja kwa njia ya ubani tangu utoto, na njia ilikuwa imefungwa. Nilisali kwa wiki nyingi kama mtu anayeongea kwenye simu bila kujua kama upande wa pili kuna mtu.

Kisha, mwisho wa Agosti, usiku wa manane, nikasikia waridi. Nguvu kabisa, kana kwamba mtu ameleta kapu zima chumbani. Nikaamka, nikawasha taa, hakuna kitu. Nikapiga magoti nikilia kwa furaha. Sisi Wakatoliki tumesikia habari za watakatifu walionukia maua, watu wengi walisimulia hivyo juu ya Padre Pio, na za Teresa wa Avila mwili wake ukinukia baada ya kufa. Nikaamini nimetembelewa. Usiku wa pili waridi tena, na wa tatu. Nikawaambia akina mama wa jumuiya, wakaja nyumbani tukasali rozari pale kitandani pangu. Wawili wakasema hata wao wameisikia.

Siku kumi na nane baadaye waridi likageuka kuwa mpira unaoungua.

Yaliyofuata sikuwahi kuyaona maishani. Vitunguu vikaanza kunuka mzoga. Kahawa ikanuka moshi wa taka. Kuku, mayai, dawa ya meno, sabuni, vyote vikawa na uvundo mmoja ambao sikuwa na jina lake, kati ya plastiki na kitu kilichooza. Kichwa cha mwanangu wa mwisho, ambacho nilizoea kukibusu kabla hajalala, kilinifanya nikimbilie nje nitapike. Aliniona. Alikuwa na miaka sita. Kwa muda mrefu hakuniletea kichwa chake tena, na hilo ndilo jeraha la mwaka ule lililochelewa kupona kuliko yote. Niliingia mwaka huo na kilo 78, Oktoba nilikuwa na 66. Kilichopita kooni ni vitu baridi visivyo na kitunguu: ndizi, maziwa lala, ugali uliopoa na sukuma ya kuchemsha, uji wa jana. Chakula cha moto kinapeleka mvuke puani, kwa hiyo kipoze kwanza. Vya kukaanga na kuchoma viache kabisa mpaka hali itulie. Nasema hivi kwa sababu mimi nilijilazimisha kula pilau ya ndugu ili wasijisikie vibaya, na nikalala na njaa siku mbili.

Nikaenda Misa. Ubani ukawaka. Ukanuka nywele zinazoungua.

Nilimweleza dada mmoja tuliyekuwa tunasali naye. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama kuna kitu nimekificha. Akanikumbusha Paulo kwa Wakorintho, kwamba harufu ya Kristo kwa wengine ni ya uzima na kwa wengine ni ya mauti. Kama ubani unakunukia mauti, akasema, jiulize uko upande gani. Sidhani alitaka kuniumiza. Lakini maneno hayo yaliniingia kama mwiba wa ngege, nikaanza kuzihesabu dhambi zangu toka ujana, moja baada ya nyingine, nikitafuta ile iliyoninukisha. Ndiye aliyenipeleka kwa mtu wa maombezi, mbali na parokia yetu, ambaye aliniambia ndani yangu mna roho inayochukia utakatifu. Chupa ya mafuta ya upako shilingi 3,000. Kitambaa 1,500. Mfungo wa siku saba na sadaka ya kuufunga, 5,000. Chupa ya pili, yenye nguvu zaidi, 2,000. Jumla 11,500, nami wakati huo sokoni nilikuwa nikipata faida ya mia nne kwa siku nzuri. Mafuta yale niliambiwa niyatie puani. Yaliniunguza, nikatoka damu siku nne.

Tafadhali msitie kitu chochote puani kwa sababu mtu amekiombea. Wala msijifukize kwa maji yanayochemka huku uso uko juu ya sufuria, nimewaona wawili waliobabuka hivyo mwaka uleule. Na anayekwambia uvundo unaousikia ni pepo, mwulize kwanza kama amewahi kuugua pua.

Novemba nikaenda kuungama. Niliungama kwamba nina pepo. Padre alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza tangu Juni: "Mama, uliugua homa?" Nikasema ndiyo. "Ukapoteza harufu, kisha zikarudi zimepinda?" Nikasema ndiyo, Padre. Akaniambia hayo si maungamo, ni ugonjwa, na kitubio changu ni kwenda kumwona daktari wa pua kabla ya Noeli. Nikamuuliza, na yale maua ya usiku? Akasema Kanisa haliharakishi mambo kama hayo, hupima kwa muda mrefu na kwa matunda yake. Halafu akanirudisha kwa Isaka. "Unakumbuka nani alikuwa amevaa yale mavazi?" Nikanyamaza. Alikuwa Yakobo, amevaa nguo za Esau. Mzee alinusa, akabariki, na pua yake ilikuwa imemdanganya. "Na Mungu hakumwacha Isaka kwa hilo," akasema.

Nilitembea kutoka hapo mpaka nyumbani kwa miguu. Miaka arobaini nilikuwa nalipenda lile andiko bila kuona kilichomo ndani yake. Waridi nililihesabu kuwa la Mungu na mpira unaoungua kuwa wa shetani, na vyote viwili vilitoka kwenye neva iliyougua. Mama mkwe, ambaye maisha yake yote aliapa kwa pua, nilipomsimulia alicheka kwa upole akasema, "Basi tulikuwa tunanunua kwa neema."

Kliniki ya masikio, pua na koo nilienda Desemba. Kadi 200, kumwona daktari 1,000, na kamera nyembamba ya kuingia puani 4,500, niliyolipa kwa pesa ya chama chetu cha kuweka akiba. Nilipiga foleni tangu saa moja asubuhi hadi saa tisa. Daktari alinieleza polepole. Virusi vile havishambulii sana neva zenyewe za harufu bali seli zinazozitegemeza, na zile zikiharibika, neva nazo hudhoofika. Lakini neva za harufu ni kati ya chache mwilini zinazoota upya. Shida ni kwamba zikiota zinaweza kujiunga mahali si pake, kama fundi aliyechanganya nyaya, ndipo kitunguu kinapokuwa mzoga. Mara nyingi hiyo hutokea miezi miwili mitatu baada ya ugonjwa. "Kwa hiyo uvundo wako," akasema, "ni habari njema kidogo. Kuna kitu kinaota." Nilitamani kumbusu mkono. Akaongeza la kuchunga: mtu akisikia harufu isiyokuwepo na palepale akapotewa na fahamu au mwili ukashtuka, huyo aende hospitali haraka, inaweza kuwa kifafa.

Dawa ya maana aliyonipa ilikuwa zoezi. Profesa Thomas Hummel na wenzake huko Dresden, Ujerumani, walilichapisha mwaka 2009: harufu nne, waridi, limau, karafuu na mkaratusi, asubuhi na jioni, kwa majuma kumi na mawili. Karafuu nilinunua sokoni kwetu kwa shilingi hamsini. Limau ninalo siku zote. Mkaratusi niliuchuma, nikauponda majani mapya kila siku tatu. Waridi ndilo lililonisumbua mpaka nikapata maji ya waridi kwenye duka la viungo mjini kwa 350. Kila kimoja nikakiweka kwenye kikopo chenye kifuniko. Unafungua, unanusa kidogokidogo kama sekunde ishirini, usivute kwa nguvu, na wakati huo unajikumbusha harufu ile ilivyokuwa. Unapumzika, unakwenda cha pili. Usiache hata kama husikii kitu. Mimi niliacha mara mbili, wiki nzima kila mara, kwa kukata tamaa, na nilipofika wiki ya sita nilikuwa nalia kwa hasira juu ya kikopo cha karafuu.

Aliyeniokoa hapo ni baba, kwa simu kutoka Mumias. Alikuwa na miaka themanini na mmoja, ukatekista alishastaafu, lugha bado anaipenda. Nilimwambia najikumbusha lakini sisikii. Akasema, mwanangu, jisikilize unavyosema. Masikio yanasikia, na pua inasikia. Kiswahili hakikuona haja ya maneno mawili. Nikamwambia mama mkwe, akasema hata Dholuo ni hivyohivyo, winjo ni ya sikio na ya harufu. Baba akaendelea: kijana Samweli aliitwa mara tatu usiku, na mara zote tatu alimkimbilia mtu asiyemwita. Hakuwa kiziwi. Hakuwa amejifunza bado ile sauti. "Na wewe umekimbia mara ngapi?" Nikahesabu. Kwenye moshi, kwenye waridi, kwenye mafuta ya 3,000.

Basi nikabadilisha zoezi. Sikuchukua tena kikopo kama dawa. Nilikaa kitandani saa kumi alfajiri, kabla ya Dunga, nikafungua cha kwanza nikasema maneno ya Samweli, nena, mtumishi wako anasikia, kisha nikakaa kimya kwa zile sekunde ishirini. Karafuu: Noeli kwetu, mama yangu mzazi akikoroga sufuria. Limau: mikono yangu mwenyewe. Hapo mara nyingi nilikwama, kwa sababu limau kwangu ilikuwa harufu ya kujificha. Mkaratusi: nyanya yangu ameniweka chini ya blanketi nikiwa na kifua. Waridi: hizo usiku tatu za Agosti. Sikuzikana. Furaha niliyoipata magotini pale ilikuwa ya kweli hata kama waridi halikuwepo. Hakuna kilichonukia, siku baada ya siku. Lakini kufikia Machi niligundua kwamba ule upande wa pili wa simu haukuwa mtupu tena. Siwezi kulieleza zaidi ya hapo. Pua ilikuwa bado imekufa nami nilikuwa nasali tena.

Iliporudi, haikurudia kanisani. Ilikuwa Mei 2022, siku ya kawaida, saa nane mchana, jua la Kisumu limesimama utosini. Nilikuwa nimeinama nyuma ya kibanda namwaga maji ya beseni kwenye mtaro, ule mtaro wa matumbo ya samaki, na ghafla uvundo ukanipiga usoni. Haukuwa ule wa plastiki. Ulikuwa uvundo wenyewe, wa kweli, samaki waliooza, kila kitu mahali pake: matumbo, magamba, matope, tope la ziwa. Nikapiga magoti palepale. Jirani yangu anayeuza mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki baada ya minofu kutolewa, alidhani nimezimia, akaja na maji. Nilikuwa nalia nikinusa. Kilichonijia akilini ni Martha mbele ya kaburi la kaka yake akimzuia Bwana, ananuka, ni siku ya nne. Na Bwana hakurudi nyuma. Alisimama palepale penye mnuko, jiwe likaondolewa. Mimi nilikuwa nimemtafuta mwaka mzima kwenye chetezo, na alinikuta mtaroni.

Jioni nikampigia baba. Alikaa kimya muda, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Unajua shombo ya samaki kwa Kiswahili cha zamani inaitwaje? Vumba. Na kile padre alichokuwa anatia kwenye chetezo chetu ni uvumba." Herufi moja tu kati yake.

Pua yangu haijarudi yote. Kahawa bado siiwezi, na ubani nausikia kama nusu, kama mtu anayeimba chumba cha pili. Vikopo bado ninavyo, kimoja nimekiweka kibandani, maana wanakuja watu, wengine wa mafua tu, wengine waliogongwa kichwani, na wote nawaambia kwanza waende kwa daktari. Nikisikia harufu nzuri usiku siiti tena watu waje kusali. Nashukuru, nalala. Nikisikia mbaya, naangalia mtungi wa gesi. Mwanangu wa mwisho sasa amekua. Nilimwomba msamaha kwa jambo la kichwa chake, akaniambia alishasahau, kisha akakiinamisha. Kilinuka jasho, vumbi la uwanja na sabuni. Nilikaa hapo muda mrefu kuliko alivyotaka.

Jumapili ndiyo siku kubwa Kibuye, kwa hiyo hata siku hiyo naanzia Dunga. Narudi, napanga samaki, namwachia binti meza, nanawa mikono mara moja kwa sabuni, navua aproni, naenda Misa ya kwanza. Nakaa benchi la tatu, pembeni ya njia anayopita mtumikiaji na chetezo. Jumapili iliyopita mtoto mdogo aliyekaa mbele yangu na nyanya yake aligeuka, akanitazama, akavuta pua mara mbili, akasema kwa sauti: "Samaki!" Nyanya yake akamvuta mkono kwa aibu, akaanza kuniomba radhi.

"Mwache tu, mama," nikamwambia. "Amesikia vizuri."